Saa ya kitabu

Utoto wangu wote niliamini dunia ina saa mbili. Kulikuwa na saa ya nyumbani, tuliyoamkia, tuliyopikia na tuliyoendea shule. Na kulikuwa na saa ya baba. Ikitimu saa nne na robo usiku kwetu sote, kwa baba ilikuwa 2215. Siku moja nikamuuliza mbona saa yake haifanani na ya mama. Akanijibu, "Hii ni saa ya kitabu, mwanangu. Ya nyumbani mtu anaweza kuikosea, ya kitabu haikosewi."

Baba alikuwa polisi. Alipitia depo Moshi mwaka 1979, akapangiwa Iringa, baadaye akahamishiwa Mbeya, na huko ndiko sisi watoto tulikozaliwa na kukulia, kwenye kota za polisi, mlima Loleza ukitutazama kwa juu. Aliyewahi kuishi Mbeya anaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ile inayokukuta hata ukiwa umejifunika. Baba akiwa zamu ya usiku, mama alinituma mapema nimpelekee chakula: wali wa Kyela na maharage ndani ya hotipoti, nimeizungushia khanga isipoe. Kituo kilikuwa jirani. Naingia, nasimama pembeni ya kaunta, nasubiri, maana baba hakukatisha maandishi kwa ajili ya chakula.

Hapo ndipo nilipokijua kitabu. Kikubwa, jalada gumu, kurasa zimepigwa mistari kwa rula na wino mwekundu, na kalamu imefungwa uzi kwenye msumari isije ikaondoka na mtu. Jioni moja nilimkuta mama wa makamo mbele ya kaunta, anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, anaeleza kwa Kinyakyusa kilichochanganyika na Kiswahili jinsi kibanda chake cha biashara kilivyovunjwa. Baba alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika neno. Kisha akaandika, taratibu. Kisha akamsomea. Alipomaliza akamuuliza swali ambalo nililisikia mara nyingi baadaye: "Mama, nimeandika ulichosema, au nimeandika nilichosikia mimi?" Yule mama akafikiri. Akasema hapana, mlango haukuvunjwa, ni bati lililong'olewa. Baba akapitisha mstari mmoja juu ya neno mlango, neno likabaki linasomeka, akaweka saini ndogo pembeni, akaandika bati.

Kwa miaka mingi nimesoma na kusikiliza habari za polisi wetu, za kusifia na za kulaani, na kila mara narudi kwenye ule mstari mmoja. Naamini kabisa kwamba ukitaka kuijua polisi ya mji wowote, uanze na kitabu cha kaunta: nani anaandikwa, anaandikwa na nani, na anasomewa kilichoandikwa au hasomewi.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini habari hii haikuanza vizuri. Jina Iringa lenyewe linatokana na neno la Kihehe lilinga, ngome. Ngome hiyo ilikuwa Kalenga kwa Mkwawa, yule ambaye tarehe 17 Agosti 1891 watu wake waliuvizia msafara wa Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski, pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wajerumani walirudi, Kalenga ikaanguka mwaka 1894, Mkwawa akapigana porini mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kikachukuliwa, na fuvu halikurudi Kalenga mpaka mwaka 1954. Juu ya ushindi huo ndipo ulipojengwa mji mpya na boma lake. Tukuyu nako, mji waliouita Neu-Langenburg, kukawa na boma.

Boma lilikuwa kila kitu kwa pamoja: ofisi, kambi, mahakama, gereza na sanduku la fedha. Askari wake wa mwanzo wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Cairo, na hao ndio waliotuachia neno afande, lililotoka kwenye efendi ya Waturuki. Huyo afande wa kwanza hakukaa kaunta akisubiri mtu aje kulalamika kwamba kaibiwa mbuzi. Alifuata kodi, alifuata watu wa kazi za shuruti, na mkononi alikuwa na kiboko. Vitabu vilikuwepo, tena vizuri sana, lakini mwananchi aliingia humo kama mdaiwa. Wazee wengi wa huku hadi leo husema "naenda bomani" wakimaanisha ofisi yoyote ya serikali, na ukisikiliza sauti zao utasikia kwamba ni neno la kuvalia shati safi na kushusha pumzi kabla ya kuingia.

Waingereza walipochukua nchi, jeshi la polisi la Tanganyika likatangazwa rasmi tarehe 25 Agosti 1919, chini ya Meja S. T. Davis, makao makuu yakiwa Lushoto, kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1930. Polisi hao walikuwa wa mjini zaidi. Vijijini amani ilibaki mikononi mwa machifu na matarishi wao. Mbeya ulikuwa mji mchanga, uliozaliwa miaka ya 1920 na kunenepeshwa na dhahabu ya Lupa miaka ya 1930, na kama ilivyo kila mahali penye dhahabu, penye fedha na pombe na wageni wasiojuana, polisi hawakukosa kazi. Uhuru ukaja, machifu wakaondolewa mwaka 1963, na mwaka 1964 Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi zima kama Inspekta Jenerali. Bendera ilibadilika, wakubwa wakabadilika. Kaunta ikabaki pale pale, na ule woga wa bomani nao ukabaki.

Kuna tukio moja la Iringa ambalo baba alilikuta bado linasimuliwa na wazee wa kazi, ingawa lilitokea kabla hajaajiriwa. Sikukuu ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971. Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Kleruu, msimamizi mkali wa ujamaa vijijini, alikwenda Isimani akamkuta mkulima Said Mwamwindi shambani. Walizozana. Mwamwindi akachukua bunduki akampiga risasi, akamuua. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la Mkuu wa Mkoa mwenyewe, akaliendesha mpaka Iringa mjini, akafika polisi, akajisalimisha.

Wengi wanaoisimulia habari hiyo husimulia ujamaa, ardhi, na ile hukumu ya kunyongwa aliyoitoa Jaji Onyiuke mwaka uliofuata. Mimi, mtoto wa kota, nimekuwa nikiwaza habari za kaunta. Siku ya sikukuu waliobaki zamu huwa wachache. Gari linalojulikana na kila askari mjini linaingia, linaendeshwa na mtu asiyejulikana, na ndani yake amelala mkubwa wa mkoa mzima, amekufa. Na aliyemuua anashuka kwa miguu yake, anasema ni mimi. Mtu huyo angeweza kuuawa pale pale uani na hasira za wakubwa zingemkinga ambaye angemuua. Hakuuawa. Akapokewa, akawekwa mahabusu, akafikishwa mahakamani, akasomewa shitaka, akatetewa na wakili, akahukumiwa. Hukumu mtu anaweza kuikubali au kuikataa, na Isimani hadi leo wapo wa pande zote mbili. Lakini askari wa zamu ile walifanya kazi yao katika saa ambayo ilikuwa rahisi mno kutoifanya. Baba alipokuwa akiisimulia alimalizia kila mara kwa maneno yale yale: "Alipokewa kama mtuhumiwa mwingine yeyote."

Niseme sasa jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, maana nimegundua watu wengi, hata wasomi, hufika kituoni wakiwa vipofu.

Unafika chumba cha mashtaka, pale kaunta. Unaeleza lililokukuta. Linaandikwa kitabuni na unapewa namba, hiyo tunayoiita RB. RB si hisani ya mtu, ni ushahidi kwamba siku fulani, saa fulani, ulifika na kusema. Kama umeumizwa, unapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Likionekana ni kosa la jinai, linafunguliwa jalada, anapangiwa mpelelezi, unaandikishwa maelezo, mashahidi nao wanaandikishwa yao. Zamani, jalada likikamilika, polisi wenyewe walisimama mahakamani kuendesha kesi. Baba alikuwa na wenzake waliokuwa waendesha mashtaka hodari kuliko mawakili. Kuanzia sheria ya mwaka 2008 kazi hiyo imehamishwa hatua kwa hatua kwenda kwa mawakili wa serikali, na mimi naona ni sawa kabisa, kwa sababu aliyemkamata mtu hafai kuwa ndiye anayepima kama ushahidi unatosha.

Na aliyekamatwa? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtu aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana, na ikishindikana aachiwe kwa dhamana isipokuwa kosa likiwa zito. Dhamana ya polisi hailipiwi. Haina bei, haina "ya soda", haina "ya vocha". Lakini angalia: saa 24 zinahesabiwa kuanzia lini? Kisheria ni tangu akamatwe, lakini kinachoonekana ni saa iliyoandikwa kitabuni. Mtu akikamatwa Ijumaa jioni, akasukumwa sero bila kuandikwa, akaja kuandikwa Jumapili, basi siku mbili za maisha yake hazikuwepo. Mke atafika kaunta na chapati kwenye mfuko, ataambiwa mtu huyo hayupo hapa. Na kwa mujibu wa kitabu atakuwa ameambiwa kweli. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima nilipoelewa kwa nini baba aliichunga saa yake kama mtu anayechunga moto.

Mwaka fulani mdogo wangu, ambaye ni bodaboda, aliibiwa pikipiki. Abiria alimkodi jioni, wakafika mahali pa giza, wakatokea wawili, wakampiga na kuondoka nayo. Nilikwenda naye kituo kimoja ambacho sitakitaja, nje ya mji tulikozaliwa. Damu ilikuwa imemgandia sikioni. Askari aliyekuwa kaunta hakunyanyua kichwa. Alisema karatasi za PF3 zimekwisha, tukatoe nakala stesheneri. Tukatoa. Akasema difenda, gari lao la doria, haina mafuta, kama tunataka waende eneo la tukio tujiongeze. Nilikuwa na elfu ishirini, na nakiri mkono ulishaingia kwenye pochi. Kisha nikakumbuka kwamba mpaka dakika ile alikuwa hajaandika kitu. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake, mstari wa mwisho ni wa asubuhi.

Nikamwambia, "Afande, shikamoo. Naomba kwanza utuandike. Mafuta tutazungumza baadaye." Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni dada yake, naomba namba ya RB. Tukavutana hivyo, yeye ananiambia nisimfundishe kazi, mimi narudia ombi lile lile kwa sauti ile ile, mpaka askari mmoja wa kike, binti mdogo kwangu, pengine hata miaka miwili hajamaliza tangu atoke depo, akatoka chumba cha ndani, akavuta kitabu upande wake bila kusema neno. Akaandika. Akauliza rangi, akauliza namba ya usajili, akauliza namba ya chesisi. Mdogo wangu alikuwa na kadi ya pikipiki kwenye simu, imepigwa picha. Binti akanakili namba ya chesisi tarakimu moja moja, kidole cha kushoto kikifuata kwenye kioo cha simu, kisha akatusomea.

Wiki tatu baadaye pikipiki ilionekana kwenye ua wa kituo kingine, wilaya nyingine kabisa, katikati ya pikipiki nyingi zilizokamatwa, zimeota kutu na majani. Namba ya usajili ilishabanduliwa. Namba ya chesisi ilikuwepo. Ndiyo iliyotuokoa, na RB ndiyo iliyothibitisha kwamba tuliripoti usiku ule ule. Ninapowasikia watu wakisema polisi wote ni wale wale, namkumbuka yule binti. Na ninapowasikia wakubwa wakisema malalamiko ni ya mtu mmoja mmoja tu, namkumbuka yule wa kwanza.

Kazi yao ni ngumu, na sisemi hivyo kwa adabu. Mkoa wa Mbeya, kabla Songwe haijakatwa mwaka 2016, ulikwenda mpaka mpakani Tunduma, na Iringa nayo ilikuwa na Njombe ndani yake mpaka mwaka 2012. Barabara kuu ya Zambia inapita kote humo, malori ya shaba na mafuta usiku na mchana, mteremko wa Mbalizi huku, Kitonga kule. Trafiki wa njia hiyo watu wanawajua kwa tochi za kupimia mwendo na faini ya elfu thelathini, lakini baba alikuwa na rafiki wa trafiki ambaye baada ya ajali moja ya basi alikaa mwezi mzima hali nyama. Hatukuwahi kumuuliza aliona nini.

Mnajua pia lugha yao, ile ya taarifa ya Kamanda wa Mkoa kwa waandishi: mnamo tarehe fulani, majira ya saa 20:30 usiku, huko maeneo ya Mafiati, kata fulani, tarafa fulani, jiji na mkoa wa Mbeya. Wengi huiona lugha kavu. Mimi naipenda. Kila kipande cha sentensi ile kinamfunga msemaji: siku, saa, mahali. Ikianza kuteleza, mkisikia "majira ya jioni" bila saa, "maeneo ya jirani" bila jina, hapo ndipo pa kutega sikio.

Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi wa Channel Ten Daudi Mwangosi, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa kwa bomu la machozi wakati polisi wakitawanya wafuasi wa chama cha siasa. Wenzake waliokuwepo walipiga picha, na picha zilimwonyesha akiwa amezungukwa na askari kabla ya mlipuko. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliyoketi Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, kifungo cha miaka 15. Siku habari ilipotangazwa baba alikuwa amekaa barazani na redio. Aliizima. Alikaa muda mrefu, kofia mapajani, kisha akamuuliza mama, si kwa kutaka jibu, "Sasa na hilo wataliandikaje?"

Mwaka 2023 tume ya haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake kwa Rais, na miongoni mwa mapendekezo ni kwamba jeshi hili lisukwe upya liwe huduma ya polisi. Nilifurahi. Nikampigia baba simu nikitegemea atapinga, maana Katiba yenyewe, ibara ya 147, inamhesabu polisi kuwa mwanajeshi, na yeye alivaa V tatu za usajenti kwa fahari miaka mingi. Akanyamaza kidogo. "Jina zuri," akasema. "Ila wachapishe na vitabu vya kutosha. Vituo vingine siku hizi wanaandika kwenye madaftari ya shule."

Mwaka jana nilimpeleka Iringa. Alitaka kuuona tena mji wa ujana wake. Tulisalimiwa kamwene, salamu ya Kihehe, kila tulipopita, naye akaitikia kama mwenyeji. Tukaingia kwenye lile boma la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho. Alipita vyumba vyote mikono nyuma, akagusa unene wa ukuta kwa kiganja, akaniambia ukuta kama huu sauti haitoki nje. Tulipokuwa tunaingia, mlangoni kijana wa mapokezi alikuwa amempa kitabu cha wageni asaini. Kulikuwa na safu ya jina, ya unakotoka, ya maoni. Baba alikuwa amekitazama kitambo, akaomba rula. Kijana hakuwa na rula, akampa kipande cha boksi. Baba akakilaza kwenye ukurasa, akachora safu moja nyembamba pembeni, juu yake akaandika SAA, na mbele ya jina lake akaandika 0945.

Tukiwa tunatoka akasimama tena pale pale, akamwomba yule kijana kalamu.